Toscano Originale: siga inayokatwa katikati, na namna ya kuionja kwa haki

Wapenzi wa siga wa Nairobi na Dar es Salaam wakikutana, majina ni yale yale: Cohiba, Montecristo, Partagás, na kwa mwenye mfuko mzito, Davidoff au Padrón. Toscano haimo. Ikitajwa, mara nyingi ni mtu aliyepewa moja na Mwitaliano, akaivuta kwa pupa kama sigara ya kawaida, ikamchoma ulimi, akaapa kutoirudia. Malindi na Watamu, waliko Waitaliano wengi, huenda watu wanaijua kwa harufu kuliko kwa jina. Italia kwenyewe ni siga ya kila mtu, wa shambani na wa ofisini. Nje ya hapo wanaoijua ni wachache, na wengi wao huipima kwa kipimo cha Havana, yaani siga za Kuba.

Kwa kipimo hicho lazima ianguke. Imejipindapinda, jani lake la nje lina mishipa minene, jivu lake halikai, na inakatwa vipande viwili kabla hata ya kuona moto. Kwangu hizo si kasoro. Zote zinatokana na jinsi inavyotengenezwa, na ukishajua inatengenezwaje, unajua pia uitafute nini mdomoni.

Hapa nazungumzia Toscano Originale, ile inayoviringishwa kwa mkono mjini Lucca, mkoa wa Toscana. Si kila Toscano ni ya mkono. Nyingi hutoka kwenye mashine, na kiwanda kingine kipo Cava de' Tirreni, karibu na Salerno. Kuzitofautisha ni rahisi ukizilaza mezani: za mashine zimelingana, na mwili wake umenyooka. Za mkono hazifanani hata zilizomo ndani ya pakiti moja. Moja ina tumbo, nyingine imepinda kidogo, ya tatu ina kinundu karibu na ncha.

Asili yake husimuliwa hivi: mwaka 1815, marobota ya tumbaku yaliyoachwa nje huko Firenze yalinyeshewa na mvua ya ghafla, jua likayapiga, yakachacha. Badala ya kuyatupa, wakubwa wakaagiza yaviringishwe yawe siga za bei rahisi kwa wananchi. Simulizi tamu, pengine tamu kupita kiasi. Lililo wazi ni kwamba uzalishaji ulianza Firenze mwaka 1818, na hadi leo majani ya ndani ya siga hii hulowanishwa kwa makusudi kisha kuvundikwa.

Tumbaku yenyewe ni Kentucky, jani zito, jeusi, lenye nikotini nyingi. Hulimwa Marekani na pia Italia, kwenye mikoa kama Toscana, Umbria, Veneto na Campania. Mkulima wa Tanzania anajua njia tatu za kukausha tumbaku: mvuke, hewa na moshi. Ya mvuke ndiyo ya Tabora na Urambo, inayoishia kwenye sigara za kawaida. Ya moshi ndiyo ya Ruvuma, pande za Songea na Namtumbo. Kentucky ya Toscano ni ya moshi: majani hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kuni ngumu kama mwaloni huwashwa chini, na moshi huachwa uyapitie kwa wiki mbili au tatu. Aliyewahi kuingia kwenye bani la Namtumbo wakati moto unafuka tayari anaijua nusu ya harufu ya siga hii. Moshi wa kuni huacha kwenye jani kemikali za jamii ya fenoli, zile zile zinazompa samaki wa kubanika harufu yake. Jani la Havana hukaushwa kwa hewa, halijaguswa na moshi wa kuni hata kidogo. Kulinganisha hizi mbili kwa ulaini ni kumwonea mtu.

Baada ya moshi, maji. Majani ya kujazia ndani hulowanishwa na kurundikwa, na joto la rundo hupanda lenyewe kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Mwanzoni chachu ndiyo inayofanya kazi, kisha bakteria huchukua nafasi. Amonia hutoka, sukari kidogo iliyobaki huliwa, na jani linaacha kuwa na uchachu, linaelekea upande wa magadi. Jambo hilo lina maana kubwa kwa mvutaji. Moshi wenye tabia ya magadi hupitisha nikotini kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika kwenye mapafu. Ndiyo maana Toscano haivutwi ndani ya kifua, na ndiyo maana anayeivuta hivyo hupata kizunguzungu kabla ya robo ya kwanza kuisha.

Muundo wake pia ni wa peke yake. Siga ya Havana ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kufungia, na jani la nje. Toscano ina mbili tu. Hakuna jani la kufungia. Ujazo hulazwa moja kwa moja juu ya jani la nje lililopakwa gundi ya wanga wa mahindi, kisha huviringishwa. Umbo ni nene katikati, likichongoka kuelekea ncha zote mbili, na urefu ni kama sentimita 15 na nusu. Ncha zote ziko wazi, kwa hiyo hakuna kichwa cha kukata. Kisha Originale hupumzishwa kwa mwaka mzima kabla ya kuuzwa.

Ukinunua, anza na pua. Fungua pakiti, subiri kidogo, unuse. Harufu ya moshi wa kuni, ngozi na nyama iliyokaushwa ndiyo inayotakiwa. Harufu kali inayopanda machoni ni amonia, na maana yake siga haijapumzika vya kutosha au imefungiwa ikiwa na unyevu mwingi. Usiitupe. Iache kwenye sahani chumbani, pasipo jua, siku tatu au nne, unuse tena. Amonia huondoka yenyewe.

Halafu vidole. Ibonyeze taratibu kutoka ncha hadi ncha. Inatakiwa iwe ngumu kiasi, ngumu kuliko Havana, na itoe mlio mdogo sana wa jani kavu. Ikibonyea kama sifongo ina maji mengi. Mahali pagumu kama kijiti ni kikonyo cha jani kilichoachwa ndani. Kimoja si shida, viwili vikiwa sehemu moja vitaziba mvuto. Angalia pia vitundu vidogo vya mviringo, kama vilivyochomwa kwa sindano, na unga wa kahawia chini ya pakiti. Huyo ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, na joto la pwani yetu linampendeza sana. Dawa yake ni friza. Funga siga ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, weka kwenye friji ya kawaida siku 1, friza siku 3, rudisha friji siku 1 nyingine, ndipo uzitoe. Ukiruka hatua za friji, mabadiliko ya ghafla ya joto hupasua jani la nje.

Sasa jambo linaloifanya siga hii iwe rahisi kupimwa kuliko nyingine yoyote ninayoijua: kila moja unaigawa kuwa mbili. Ukitaka kujua unyevu unafanya nini kwenye ladha ya Havana, itabidi uvute siga mbili tofauti, na hutajua kama tofauti imetoka kwenye unyevu au kwenye mkono wa aliyeviringisha. Kwa Toscano unakata moja, nusu unaiweka huku, nusu kule. Jani moja, mikono ile ile. Tofauti ndogo kati ya ncha mbili ipo, kwa sababu siga huanzwa kuviringishwa upande mmoja na kumaliziwa mwingine, kwa hiyo tumia siga mbili ili tofauti hiyo ijifute. Pakiti ya siga tano inatosha kabisa: mbili kwa ajili ya unyevu, mbili kwa ajili ya kujaribu vinywaji na saa tofauti za siku, na ya tano uivute nzima bila kukata, mtindo ambao Waitaliano wanauita alla maremmana.

Kwa jaribio la unyevu unahitaji mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko vinavyobana na kipima unyevu kidogo. Kipima unyevu cha bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kikague kwanza. Jaza kifuniko cha chupa ya soda chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache hadi chumvi ilowe bila kuyeyuka, kifungie pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko kwa saa 8 au zaidi. Kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 70, ujue kinapungukiwa na 5, basi ongeza 5 kila unapokisoma. Mtungi wa kwanza uwe karibu asilimia 55, kwa kutumia vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wa pili uwe asilimia 65, kwa kutumia pakiti za kudhibiti unyevu zinazouzwa kwa ajili ya siga. Wiki 2 zinatosha, kwa sababu nusu iliyokatwa hunywa na kutoa maji haraka kuliko siga nzima.

Nisikufiche ninakoelekea. Toscano iliyo karibu na 60 ndiyo bora, na ikikosea ni afadhali ikosee upande wa ukavu. Asilimia 70, ambayo ni raha kwa Havana, kwa Toscano ni balaa: inazimika, inatoa uchungu, na amonia inarudi. Mkazi wa Mombasa au Unguja, ambako hewa huzidi 75 mara nyingi, tatizo lake si kuongeza maji bali kuyapunguza. Nairobi, hasa miezi mikavu, unaweza kuiacha kwenye pakiti yake ndani ya droo.

Kukata: usibane kwa mkasi wa jikoni, kwa sababu mkasi unapondaponda kabla ya kukata na jani la nje linafunguka. Kama kuna pete ya karatasi katikati, ivue. Tafuta sehemu nene zaidi, ambayo kwa siga ya mkono si lazima iwe katikati kabisa, ilaze juu ya ubao, kisha tumia kisu chembamba chenye makali huku ukiizungusha chini yake. Zunguko la kwanza likate jani la nje tu, la pili liingie ndani. Ikiwa kavu mno, pulizia pumzi yako ya joto mahali pa kukatia mara mbili tatu, jani litalainika.

Ncha nyembamba ndiyo ya mdomoni, upande mpana uliokatwa ndio wa moto. Kabla ya kuwasha vuta hewa tupu kupitia siga. Mvuto uwe na ukinzani kidogo. Ukiwa mgumu sana, ibingirishe taratibu kati ya vidole, au ukate milimita 2 au 3 za ncha. Katika mvuto huo wa baridi utapata chumvi na moshi, na wakati mwingine utamu mdogo kama wa kastania. Andika ulichopata, kwa sababu baada ya moto hutakumbuka.

Washa kwa njiti ya kibiriti au kiberiti cha gesi. Kiberiti cha petroli kitaingiza ladha yake, na tumbaku iliyokwisha kupita kwenye moshi haihitaji nyongeza. Subiri kichwa cha njiti kiungue kwanza, maana salfa yake inanuka. Shika siga kwa mshazari juu ya ulimi wa moto bila kuugusa, izungushe mpaka uso wote uliokatwa uwe mweusi na ukingo uanze kuwaka. Chukua sekunde 30 bila haraka. Uso huu ni mpana kuliko wa siga nyingi za urefu wake, na ukiuwasha upande mmoja utahangaika nao hadi mwisho.

Vuta mara moja kwa dakika, pengine chini ya hapo. Nusu moja inatakiwa ikuchukue dakika 30 hadi 40. Ukiimaliza kwa 15, umeipika, na uchungu ulioupata ni wako.

Sentimita 2 za kwanza ni kali: moshi wa kuni, chumvi, pilipili manga kwenye ncha ya ulimi. Hapa ndipo watu wengi hutoa hukumu na kuiweka chini. Vumilia. Katikati moshi hurudi nyuma, na zinakuja kahawa iliyokaangwa sana, ngozi, mbao kavu, na kwa Originale nzuri, utamu wa mbali unaobaki kwenye fizi. Mara moja katika sehemu hii, na si zaidi, pitisha moshi kidogo puani kwa kufunga mdomo na kupumua taratibu kwenda nje. Pua itakuonyesha kama harufu ya kuni ni safi au ni masizi matupu. Sehemu ya mwisho hupanda nguvu tena. Lami na nikotini hukusanyika kwenye ncha nyembamba. Ukibakiza sentimita 3, iache.

Kwenye daftari yapo mambo ambayo yana thamani kuliko alama za kumi juu ya kumi: muda, idadi ya mara ulizowasha upya, mstari wa moto kama ulinyooka, ladha iliyobaki mdomoni dakika 10 baada ya kuzima, na mwili wako ulisema nini. Rangi ya jivu usiihangaikie sana. La Toscano ni la kijivu hadi jeusi, linavunjikavunjika, na halitasimama sentimita 3 kama la Havana, kwa sababu ujazo hauna jani la kuufunga.

Kuzimika ni kawaida. Mara moja au mbili kwa nusu siga hakuna la kuuliza. Mara nne, unyevu umezidi. Inapozimika, gonga jivu, puliza hewa nje kupitia siga ili moshi uliolala utoke, kisha washa. Ikiwa imekaa imezima zaidi ya nusu saa, kata sentimita 1 ya mbele kwanza, la sivyo mivuto mitatu ya mwanzo itakuwa ya masizi.

Moto ukikimbia upande mmoja, geuza upande unaochelewa uwe chini, kwa sababu upande wa chini hupata hewa zaidi, nao utafukuzia. Ujazo ukiungua katikati na kuacha ganda la nje likiwa zima, jani la nje lina maji kuliko la ndani. Hali hiyo hutokea sana mtu anapotoa siga kavu kwenye pakiti na kwenda kukaa nayo ufukweni. Hakuna tiba hapo hapo zaidi ya kugusisha moto kwenye ganda. Tiba ya kweli ni mtungi.

Jani la nje likipasuka, jiko lako lina gundi ile ile ya kiwandani. Chukua wanga wa mahindi, si sembe, kijiko 1 cha chai, koroga na vijiko 2 vya mezani vya maji baridi, pasha moto mdogo huku ukikoroga hadi uwe mzito na kuanza kung'aa. Upoe. Paka kidogo kwa kidole chini ya ufa, bonyeza, acha saa 1. Ufa ulio karibu na moto achana nao.

Kwikwi ikianza, hiyo ni nikotini inakupa taarifa. Ikifuatiwa na jasho baridi na kichefuchefu, weka chini, kaa mahali penye hewa, kunywa maji, kula kitu kitamu. Kwa hiyo usiivute tumbo tupu. Waitaliano huiandamanisha na espresso au grappa, pombe kali ya zabibu. Kwa pwani yetu sioni kinachoishinda kahawa chungu ya buli na kashata: uchungu wa kahawa unapunguza makali ya moshi, na sukari ya kashata inasaidia pale nikotini inapozidi. Soda za machungwa ziache, zinaigeuza ladha kuwa ya chuma. Bia nyepesi haina madhara wala faida.

Na kwa kuwa tunazungumzia Lucca: mtunzi wa opera Giacomo Puccini alizaliwa huko mwaka 1858, na alikuwa mvutaji mkubwa wa Toscano na sigara. Alifariki Brussels mwaka 1924 akiwa anatibiwa saratani ya koo. Kutovuta moshi kifuani hakuuondoi kinywani na kooni, na anayeonja siga kwa kuzilinganisha afanye hivyo kwa nadra.

Nusu iliyobaki usiihifadhi pamoja na siga nyingine. Moshi wa Kentucky huingia kwenye kila kitu, na Havana uliyoigharimia itatoka inanuka bani. Mpe Toscano mtungi wake, na koti utakalovaa siku hiyo lisiwe la harusini.

Hukumu yangu: Originale iliyokaushwa vizuri inastahili kuwekwa meza moja na siga za bei mara nyingi zaidi yake, ila si kwa sababu inafanana nazo. Nusu iliyokaa kwenye mtungi wa asilimia 55 hushinda ile ya 65 kwa usafi wa moshi na kwa kuwaka, na hushindwa kidogo kwa utamu wa katikati. Mtindo wa maremmana ni mzuri wa kutazamwa, lakini ncha nyembamba ikiwa upande wa moto hupandisha joto mapema, na siga nzima ni nikotini nyingi kuliko watu wengi wanavyoweza kuibeba. Kwa kupima, nusu inatosha. Anayependa siga laini za Jamhuri ya Dominika asianze na hii. Kuna Toscano Garibaldi, nyepesi zaidi, ya kumwonyesha njia. Aliyekulia karibu na mabani ya moshi anaweza kuanza na Originale moja kwa moja, mradi amekula.